Ismail Arudi Bohari au Asirudi

Kijiwe cha Ubao Mmoja kiko Junda, pale njia ya vumbi inapokata kona kwenda msikitini, na jina halikutiwa chumvi, ni ubao mmoja kweli, umelazwa juu ya matofali mawili yaliyokaribiana mno, hata akiinuka wa ncha hii bila kuaga, wa ncha ile huanguka, ndiyo maana hapo mtu haondoki mapema. Ncha moja ni ya Wakili. Jina lake ni Abdulaziz na sheria hakusoma, ila aliwahi kuwa shahidi wa kesi ya mbuzi, siku mbili kortini, na tangu hapo hajashuka kizimbani. Ncha ya pili ni ya Breki, yaani Kyalo, dereva wa trela aliyestaafu, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hakuna mazungumzo ambayo hajayasimamisha. Nyuma yao kuna kibanda cha vifaa vya simu cha Simu Mbili, ambaye simu zake ni mbili kweli na zote hazina salio, na juu ya mlango ametundika spika kubwa iliyoelekea njiani. Mbele yao, kwenye kigoda chake, Mzee Kombe na dele la kahawa juu ya makaa. Kando, chini ya mwavuli uliovunjika ubavu, meza ya Jalila ya mahamri na mbaazi, naye nyuma ya meza, na mtoto Ummi, miezi saba, mgongoni.

Miaka miwili Jalila alikuwa akiuza hapo na hajawahi kukiuliza kijiwe jambo, maana alikuwa akisikia majibu wanayopewa wanaouliza. Lakini Jumatatu ile alikuwa ameuliza kila pahali pengine, amemuuliza mamake, amemuuliza jirani, ameuliza mto alioulalia, kote hakupata kitu, na saa ilikuwa yaenda. Mzee Kombe alipomaliza kuchemsha dele jipya akatwaa finjani mbili kwa mkono mmoja, akazigonga, mbili, moja, mbili, mdundo wake huo ambao hakuna muuza kahawa mwingine Kisauni anaougonga. Bi Nyamvula akatoka nyumba ya pili na chupa yake, Thoya fundi cherehani akavuka njia na futi shingoni, kila mmoja akachukua chake akarudi zake. Jalila akangoja waende. Kisha akasema, na yalipoanza kutoka yakatoka yote.

— Mzee Kombe shikamoo, kaka zangu mniwie radhi, nina jambo na nataka mnijibu kabla ya saa nne, kwa sababu saa nne Ismail yuaingia ofisini kule bohari la makontena Changamwe, ile likizo yake ya miezi mitatu imekwisha leo, na mkubwa wake amemwambia ama arudi kwenye daftari lake la makontena ama aandike barua ya kuacha kazi, hakuna katikati, na wale watu wa filamu nao wamtaka awatungie muziki wa filamu ndefu, kazi ya mwaka, na yeye asubuhi ameondoka na barua mbili mfukoni, moja ya kurudi moja ya kuacha, akanambia Jalila, nikifika langoni nitakupigia, ukisema nirudi nitarudi, ukisema nisirudi sirudi, na mimi sijui nimwambieje.

Mzee Kombe alisema marahaba, kwa kuwa ndilo neno pekee lililokuwa na jibu.

— Saa hizi ni saa ngapi? — akauliza Wakili.

Simu Mbili akatazama simu zake. — Hii yasema tatu na dakika tano. Hii yasema tatu na dakika nane.

— Basi muda tunao. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Mgeni nani? — Breki akauliza.

— Ni methali.

— Najua ni methali. Nauliza mgeni ni nani.

Wakili akamwomba Mzee Kombe finjani ya kwanza, na kesi ikafunguliwa.

Kulikuwa na jambo ambalo Jalila hakulitaja. Ummi akiwa na miezi miwili alishikwa na kifua, mbavu zikawa zaingia ndani kila akivuta pumzi, na hospitalini walipofika mapokezi waliulizwa kadi kabla ya kuulizwa jina la mtoto, na kadi ilikuwepo, ya kazini kwa Ismail, ikapitishwa kwenye mashine, mashine ikalia, mlango ukafunguka. Ummi akapona. Jalila hakupona. Hadi leo mtoto akilala yeye huweka kiganja kifuani pake akahesabu, akipata pumzi arubaini kwa dakika hutulia, akipata arubaini na tatu huanza upya. Kadi ile ilikuwa mkobani mwake sasa hivi, chini ya khanga, na Ismail akitoa barua ya kuacha kazi itageuka kipande cha plastiki.

— Tuanze na kule alikotoka, — akasema Breki. — Mimi namjua Ismail kama mpiga kinanda wa harusi.

— Ndiko alikoanzia, — akasema Jalila.

— Na alipiga vizuri. Harusi ya dadake Simu Mbili alipiga mpaka bibi harusi akasahau kulia.

— Watu walisema dadangu hana haya, — akasema Simu Mbili kutoka kibandani. — Haya alikuwa nayo. Ni kinanda.

— Baada ya harusi akaja na tangazo la sabuni redioni, — akaendelea Breki. — Mnalikumbuka? Wanawake mtaa mzima walikuwa wakifua kwa mwendo ule ule. Shati langu la kazi lilichanika kola kwa ajili ya Ismail.

— Kisha filamu ya mikoko, — akasema Wakili. — Walikuja watu wa mazingira, wakapiga picha mikoko ya hapo chini, naye akaitilia muziki. Mimi nimezaliwa Junda. Mkoko sijausikia hata ukikohoa.

— Na sasa filamu ya watu wenyewe.

— Ya mwanamke mmoja, — akasema Jalila. — Yuarudi kwa babake Frere Town, yuabisha hodi, hafunguliwi.

Breki akavua kofia kwa heshima ya yule mwanamke.

— Sasa tupime, — akasema Wakili. — Kwenye harusi kuna pilau. Kwenye sabuni angalau kuna sabuni. Kwenye mikoko kuna mbu. Na huku sasa hata mlango haufunguliwi. Kazi hii yapanda au yashuka?

Jalila alishika upawa wa mbaazi akakoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa.

— Mimi nitawaambia nilichokiona kwa macho yangu, — akasema Breki, na akaweka finjani chini, ishara kwamba safari ni ndefu. — Mwaka fulani nilibeba jenereta ya watu wa filamu kupeleka Diani. Nikakaa nao siku tatu. Kulikuwa na wa kubeba taa, wa kubeba kioo, kulikuwa na mtu kazi yake ni kumshikia mwingine mwavuli. Mpiga muziki hakuwepo. Hata mmoja. Nikauliza, mwanamuziki yuko wapi? Wakaniambia, huyo huja mwisho, watu wakishaondoka.

— Kama mwizi, — akasema Wakili.

— Mimi sikusema mwizi. Nimesema huja watu wakishaondoka.

— Mwizi huja vipi?

Breki akafikiri. — Watu wakishaondoka.

— Itiwe kwenye kumbukumbu.

— Lakini huo muziki ni wa nani? — akauliza Simu Mbili, akatokeza kichwa dirishani. — Hilo ndilo hunikosesha usingizi. Mtu yuatembea ndani ya nyumba ya giza, muziki waanza, dum, dum, wewe uliyekaa kwenye kiti wajua kuna mtu nyuma ya pazia ana kisu. Yule anayetembea hajui. Je, yeye hausikii?

— Hausikii, — akasema Breki.

— Kwa nini? Uko hapo hapo chumbani kwake.

— Ni kiziwi.

— Wote?

— Ndiyo maana wanauawa.

— Ngojani, — akasema Wakili, na akanyoosha mgongo, ubao ukalia. — Hapa pana jambo la sheria. Aliyetunga ule muziki, alijua kwamba mtu atauawa au hakujua?

— Alijua, — akasema Simu Mbili. — Ameiona filamu kabla.

— Alijua dakika mbili kabla. Na badala ya kwenda kituo cha polisi kupiga ripoti, akapiga ngoma. Mahakamani huyo huitwa shahidi aliyenyamaza, na kifungo chake ni sawa na cha aliyeshika kisu. Mama Ummi, sikutishi. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mumeo ameinama kwenye ule mtambo wake miezi mitatu, na chini ya mvungu twajua kuna nini.

— Kuna nini? — akauliza Jalila, na sauti ilimtoka ndogo kuliko alivyopanga.

— Hilo litatoka kwenye ushahidi.

Kuinama alikuwa akiinama kweli. Miezi mitatu Ismail alikaa pembeni ya kitanda na vifuniko vya masikio, mbele ya kompyuta, akitazama yule mwanamke akibisha ule mlango, filamu yenyewe haina sauti hata chembe, mkono wainuka, wagonga, hakuna kitu, Ismail arudisha nyuma, mkono wainuka tena. Siku moja Jalila alihesabu mara arubaini, akaacha kwa sababu arubaini ilikuwa idadi yake ya jambo jingine. Akamuuliza, wafanya nini na mlango huo? Ismail akavua sikio moja, akasema, wamenipa dakika mbili na sekunde kumi na moja, nangoja mlango uniambie wataka nini. Jalila akaenda akamnyonyesha mtoto. Hakuuliza tena, kwa sababu mume anayeongea na mlango ni habari ambayo mtu haitaki kwa ukamilifu.

— Mimi lenye kunitia wasiwasi ni vile vitu alivyokuwa akivichukua, — akasema Simu Mbili.

— Vitu gani? — akauliza Breki.

— Sauti. Nyinyi hamkuona? Alikuwa akipita mtaani na kijiti chenye manyoya mbele, kama mkia wa paka, waya mpaka sikioni. Alikwenda kwa Mwende jirani, akakiweka karibu na mbuzi ya kukunia nazi, Mwende akakuna nazi mbili nzima, Ismail asikiza tu. Akaenda kwa Thoya, akachukua cherehani. Si cherehani, sauti ya cherehani. Sasa mkamuulize Thoya. Tangu siku ile ile cherehani yaruka uzi.

— Na mbuzi ya Mwende?

— Nazi zatoka kavu.

— Hizo ni nazi za mwezi huu, kote ni kavu, — akasema Breki.

— Wewe wazitetea nazi. Mimi natazama mpango. Yuachukua sauti moja moja, yuazitia kwenye mtambo, zaenda ng'ambo. Huko hawana. Wana majumba makubwa, wana treni, lakini nendeni mkasikize, ni kimya. Wahitaji. Sasa huku zikichukuliwa zabaki ngapi? Likoni honi ya feri zamani ililia mara tatu. Nilivuka juzi, ililia mara moja.

— Labda nahodha alikuwa na haraka.

— Mara moja, Breki. Nyingine mbili ziko wapi? Siku moja tutaamka hapa Junda, mtu aweka sufuria jikoni, kimya. Wagombana na mkeo, midomo yaenda tu. Wamwita mwanao aje kula, hasikii, yuafa njaa na chakula kiko mezani.

Jalila akainua mkono nyuma, akamgusa Ummi mgongoni, akahisi joto, akahisi kupanda na kushuka.

— Kwako nako alikuja, — Simu Mbili akamgeukia Mzee Kombe. — Mbona hujasema?

— Hukuniuliza, — akasema Mzee Kombe.

Mzee Kombe ni mtu wa maneno machache, na hayo machache huyatoa kwa Kimvita cha kwao Mji wa Kale, polepole, kama mwenye kumwaga kahawa kwenye finjani iliyojaa.

— Alikuja, — akasema. — Akanambia, Mzee, nataka finjani zako. Nikamwambia, nikupe? Akanambia la, uzigonge, mimi nisikize. Wakati huo dele lilikuwa tupu. Nikamwambia, mwanangu, mimi sigongi pasipo kahawa. Finjani ikilia ni ahadi. Mtu yuko ndani kwake, amesikia, ameinuka, amevaa viatu, akija asipate kitu, mimi nimemwongopea. Miaka thalathini na moja sijaongopa. Basi akasema atangoja. Nikatia maji, nikatia tangawizi, akakaa chini hapo penye vumbi na mkia wake wa paka mpaka kahawa ikaiva. Nilipogonga, akafumba mato.

— Akafumba macho, — Wakili akarudia kwa sauti ya kusoma hati.

— Na finjani zako? — akauliza Simu Mbili. — Hazikuharibika?

— Moja ina ufa.

— Mmeona.

— Ufa una miaka sita.

— Yawezekana ulikuwa wajiandaa, — akasema Simu Mbili.

Simu moja ikasema saa tatu na dakika arubaini. Breki akasema ni vizuri sasa gari lifike stesheni. Yeye kwa maoni yake, Ismail arudi bohari, kwa sababu kontena hata ukilihesabu vibaya linabaki palepale, lakini muziki ukiukosea umekwenda. Simu Mbili akasema arudi, kwa usalama wa mtaa. Wakili akasema kwamba akiwa mwenyekiti hapigi kura, ila anapiga, arudi, na kwamba wahenga hawakukosea waliposema ndege mmoja mkononi ni bora kuliko...

— Kuliko wangapi? — akauliza Breki.

— Itategemea na ndege.

Jalila akasema ahsanteni. Alikuwa amelipata alilolitaka, na lilikuwa jibu la busara, na kadi mkobani ikawa kadi tena, na mbona alijihisi kama mtu aliyefunga mlango kwa ndani akasikia kuna aliye nje?

Hapo ndipo akaja mwanamke mwenye sare ya mwalimu wa chekechea, mgeni, aliyehamia juzi nyumba ya nyuma ya msikiti, jina lake Achieng.

— Hamjambo. Nipe mahamri nne, dada. Na mbaazi kidogo. — Akawatazama wale wanaume. — Nimewasikia kutoka kule kwa kona. Kuna mtu amekufa?

— Hapana, — akasema Wakili. — Ni kesi ya mume wa huyu. Anatunga muziki wa filamu. Tumeshaamua auache.

— Pole, dada. Kwani ni mbaya?

— Nini mbaya?

— Huo muziki. Unasikika aje?

Breki akaangalia gurudumu la baiskeli ya mtu ambaye hakuwepo. Simu Mbili akatazama simu ya kwanza, kisha ya pili, na jibu halikuwepo katika yoyote.

— Wahenga walisema, — akaanza Wakili, — asiyejua maana...

Akaona methali inakoelekea, akaiacha hapo hapo.

— Kwani kati yenu hakuna aliyeusikia? — akauliza Achieng. Hakuuliza kwa ubaya. Ndivyo anavyowauliza watoto wake nani hajanawa mikono.

Mzee Kombe aliinua dele, akalitikisa, likatoa mchirizi wa mwisho mweusi wa machicha. Akazisuuza finjani zote, akazipanga kwenye sinia zikiwa zimefudikizwa, midomo chini. Kahawa imekwisha. Siku nyingine hiyo ndiyo huwa amri ya watu kutawanyika, na huanza kuagana ili ubao usimwangushe mtu. Leo hakuna aliyeaga. Wote walikuwa wakimtazama Jalila.

— Mimi ninao, — akasema Jalila. — Uko kwenye simu tangu Ijumaa, amenitilia mwenyewe, akanambia sikiza kabla ya Jumatatu, na kila siku nimesema nitausikiza nikimaliza kukanda unga, nikimaliza kuosha vyombo, nikimlaza mtoto, na sikuusikiza, kwa sababu ukiwa mbaya itanibidi nimwambie, na ukiwa mzuri itanibidi nimwache aendelee nao, na mimi yote mawili nayaogopa.

— Saa tatu na hamsini na mbili, — akasema Simu Mbili kwa upole ambao haukuwa wake. — Lete simu, mama Ummi. Waya ninao.

Akauchomeka waya wa spika. Jalila akabonyeza pale palipoandikwa Mlango.

Mwanzo hapakuwa na kitu.

— Spika imekufa? — akauliza Breki.

— Haijafa.

— Basi nazo zile sauti zimekwisha kuibwa.

— Nyamaza, — akasema Achieng.

Kulikuwa na kitu, ila kilikuwa chini sana. Kupanda, kushuka. Ngoma moja ndogo ikifuata, ngozi ikiguswa kwa kidole tu, ikipanda, ikishuka. Wanaume wakainamisha vichwa kutafuta ni chombo gani. Jalila hakutafuta. Alikijua kabla akili haijamwambia, kiganja chake kilikijua, kile kikwaruzo kidogo mwisho wa pumzi kilichobaki tangu hospitali, kile kituo, kisha nyingine. Ilikuwa ni Ummi amelala. Ismail aliweka mkia wake wa paka karibu na mto, na muziki wote ukatembea kwa pumzi ile, wala haukuwahi kuitangulia. Kumbe miezi yote hii hakuwa akihesabu peke yake.

Kinanda kikaingia, kile kile cha harusi, noti moja, kikangoja. Mbuzi ya Mwende ikakuna mbali. Mtu hakuhitaji kuiona filamu kujua kwamba kuna mkono umeinuliwa mbele ya mlango, na kwamba ndani kuna maisha yanaendelea, watu wanapika, wanashona, wanalala, na hawafungui.

Kisha, kutoka ndani ya nyumba ile ambayo hawakuiona, wazi kabisa, kwa spika iliyoelekea njiani, mbili, moja, mbili.

Breki aliinuka na mkono mbele kupokea finjani yake. Hakuaga. Wakili akaenda chini na ncha yake ya ubao, akabaki amekaa mavumbini, naye pia mkono ameunyoosha.

Mzee Kombe akatazama sinia lake. Finjani zilikuwa zimefudikizwa kama alivyoziacha.

Nyumba ya pili mlango ukafunguka. Bi Nyamvula akatoka na chupa. Thoya akavuka njia, futi shingoni. Kwa kinyozi akatoka mtu mwenye povu kwenye shavu moja. Nyuma yao akaja mzee wa msikitini ambaye hutembea kwa mkongojo na kwa kawaida hutuma mtu.

— Mara ya pili asubuhi hii, — akasema Bi Nyamvula. — Leo una baraka. Nijazie.

— Imekwisha, — akasema Mzee Kombe.

— Imekwishaje na umegonga sasa hivi?

— Sikugonga mimi.

— Kombe. Hiyo mbili moja mbili naisikia tangu sijaolewa.

— Wallahi sikugonga.

— Mimi nimetoka na sabuni usoni, — akasema yule wa kwa kinyozi.

Wakamsimamia pale na chupa zao. Mzee Kombe aliwatazama mmoja mmoja, watu waliovaa viatu kwa ajili yake, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekutwa na jambo ambalo miaka thalathini na moja alilikimbia. Muziki ukakatika katikati, spika ikaanza kulia kwa mlio wa simu, kwa nguvu, mpaka kuku wakatawanyika.

— Ni Ismail, — akasema Jalila. — Chomoa waya.

— Umekwama, — akasema Simu Mbili, akivuta. — Pokea hivyo hivyo.

Akapokea hivyo hivyo.

— Asalaam aleikum, — akasema Ismail, juu ya mlango wa kibanda, kwa sauti iliyofika msikitini.

— Waaleikum salaam, — wakajibu watu wote njiani.

Malori ya Changamwe yakasikika yakipita nyuma yake. — Jalila? Uko na nani?

— Niko kazini.

— Niko langoni. Imebaki dakika nne. Nirudi?

Jalila alitia mkono mkobani akaishika kadi. Pembe zake zilikuwa kali. Woga ulikuwepo, ulikuwa ule ule wa jana, na alijua kesho atakuwa nao na kesho kutwa, na kwamba itambidi atafute hospitali nyingine na foleni nyingine na aamke mapema zaidi. Akaufungua mdomo na yakatoka.

— Usiingie. Toa ile barua ya kuacha, mpe bawabu awapelekee, kisha njoo nyumbani, na kabla ya nyumbani upite hapa kijiweni umwombe radhi Mzee Kombe, maana finjani zako zimewatoa watu majumbani na kahawa hakuna, wamesimama hapa na chupa, mmoja ana sabuni usoni, na Mzee hajawahi kuongopa, umemwongopesha wewe.

Lori moja likapita kule, refu, wakalisikiza lote.

— Wametoka kweli? — akauliza Ismail.

— Wanne.

— Na Ummi?

— Yuapumua, — akasema Jalila. — Nimemsikia.

Wakili, angali chini, akasema kwamba uamuzi wa kijiwe umetenguliwa na mahakama ya juu. Breki alikuwa amerudi kwenye ncha yake ya ubao, na Achieng ameketi kwenye ncha ya Wakili, anakula mahamri. Mzee Kombe alikwisha mwaga machicha, amejaza maji, ameinama anapuliza makaa, kwa sababu finjani zimeshalia, na watu wameshakuja.